KATIKATI YA MJI NI MALI YA NANI?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa kikosi cha njia alitoka kazini alfajiri, katika mji mmoja wa reli hapa Makueni. Usiku kucha alikuwa ametembea juu ya mataruma, na gari la moshi halikumgusa. Alipofika sokoni, lori lililokuwa likirudi nyuma likambana mguu kwenye ukuta wa duka. Hakufa, twamshukuru Mungu, lakini hata leo anatembea kwa fimbo. Hakuwa na mahali pengine pa kupita. Upande mmoja malori yamelala, upande wa pili bodaboda wamejipanga, na kati yao ni mtaro wa maji machafu.

Hatuandiki habari hii ili kumlaumu dereva, maana dereva naye ni mfanyakazi kama sisi. Twaiandika ili tuulize swali moja: katikati ya mji ni mali ya nani?

Miji mingi ya Makueni iliyo kando ya njia ilizaliwa na reli. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita nchi hii na kufika Nairobi mwaka 1899. Sultan Hamud lina jina la Sultani wa Unguja, Hamud bin Mohammed, aliyekuja kuitazama reli ikijengwa. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 katika siku za mafundi wa reli, na mpaka leo msafiri hula pale bila kulipa. Katika miji ya namna hii watu walishuka garini wakatembea. Mama aliweka kikapu chake chini akauza, mpagazi akangoja mzigo, na duka likajengwa likitazama stesheni. Uwanja ule ulifanywa na miguu ya watu.

Baadaye barabara ya lami ya Mombasa ikawa kubwa, na malori yakaongezeka. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, ikiwa na stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na gari la abiria la njia ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi likakoma. Watu wa miji ya zamani hawakukoma kutembea. Wangali wanakwenda sokoni, shuleni, hospitali na kazini kwa miguu yao. Kilichokwisha ni nafasi yao.

Wenzetu wa Kitui wasiseme kwamba neno hili haliwahusu kwa kuwa hawakupata reli. Wamepata barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui. Ni barabara nzuri, nasi twaifurahia, maana zamani safari ile ilikuwa vumbi na kuvunjika magari. Lakini barabara nzuri huleta magari mengi, na magari yakifika mjini hutafuta mahali pa kusimama. Yasipowekewa mahali, yatasimama mlangoni pa soko.

Tena tutazame vifo. Kila mwaka watu zaidi ya 4,000 hufa katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Zaidi ya theluthi moja ya waliokufa ni wao. Hawa si watu wenye motakaa. Ni wafanyakazi na watoto wa wafanyakazi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba njia ya miguu ni pambo la mji au ni mambo ya Wazungu. Mshahara tunaoupigania haumfai mtu aliyekatwa mguu.

Je, jambo hili lawezekana? Limekwisha fanyika. Nairobi, mtaa wa Luthuli ulikuwa umejaa matatu na honi hata mtu hakuweza kusikia neno la mwenziwe. Mwaka 2019 magari yaliamriwa kupita upande mmoja tu, na njia ya miguu ikapanuliwa. Baadaye mtaa wa Muindi Mbingu nao ulitengenezewa njia pana ya waendao kwa miguu na baiskeli. Twalitaja jina hilo kwa heshima. Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938, walipokwenda Nairobi wakakaa huko wiki nyingi kupinga kuchukuliwa kwa ng'ombe wao. Yafaa mtaa wake uwe wa watu.

Ng'ambo nako, mji wa Copenhagen ulifunga mtaa wake mkuu wa maduka kwa magari mwaka 1962. Wenye maduka walipiga kelele kwamba watafilisika. Mji ukasema, na tujaribu kwanza. Walijaribu miaka miwili, wakaona wanunuzi wameongezeka, na mwaka 1964 ikawa desturi ya daima. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliye ndani ya gari hapiti dukani kwako, bali mtu anayetembea ndiye husimama, akauliza bei.

Sasa twajua kwamba baadhi ya wanachama watanung'unika. Mwenye bodaboda atasema, "Mwataka kuninyima mkate." Tanboi atasema, "Lori langu litalala wapi?" Mama wa mboga ataogopa kuliko wote, maana yeye amekwisha ona jinsi mji unaposafishwa anavyosafishwa yeye kwanza. Maneno yao ni ya haki. Mpango unaowafukuza maskini ili wengine watembee kwa raha si mpango wetu, nasi tutaupinga. Twataka mambo manne. Kwanza, malori yapewe uwanja wao nje kidogo ya soko, wenye taa, maji na choo. Pili, bodaboda na matatu wawe na stendi karibu, lakini si katika mapito ya watu. Tatu, njia za miguu ziwe pana, zenye miti ya kivuli na vivuko vyenye matuta, maana jua letu ni kali na madereva wetu wana haraka. Nne, kila muuzaji aandikwe jina na apewe mahali pake kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, wala si baadaye.

Basi tumwambie nani? Hapa ndipo wengi hupotea. Barabara kuu ya Mombasa ni ya Serikali ya taifa. Soko, stendi, maegesho na taa za mjini ni kazi ya Kaunti, kama ilivyoandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Ardhi ya stesheni ni ya reli. Ukimwendea mmoja atakutuma kwa mwingine. Dawa yake ni kuwaita wote watatu katika mkutano mmoja, na hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja, ila na chama.

Sheria yatupa mlango. Kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi hawana budi kusikizwa. Makueni imejulikana kwa mikutano inayoanzia kijijini. Lakini ndugu, sisi wenyewe tu wapi? Tunalalamika chini ya mti, na siku ya mkutano tunasema tuko zamu. Kisha fedha zikienda kwingine twasema tumeonewa.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye kazi moja. Mtu wa reli ajua kuhesabu mabehewa. Siku ya soko, watu wawili wakae mahali pamoja tangu asubuhi hadi jioni, wahesabu watu wangapi wamepita kwa miguu, na magari mangapi. Waandike pia mahali ambapo mtu analazimika kushuka barabarani. Karatasi hiyo ipelekwe mkutanoni. Mkubwa aweza kuyapuuza malalamiko, lakini hesabu iliyoandikwa humsumbua.

Tulipokuwa shule ya misheni tulisoma habari za Nehemia, jinsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa, wengi wakitengeneza mbele ya nyumba zao wenyewe. Na sisi Ukambani tuna mwethya, ambao kila mtu huja na jembe lake. Tuanze mbele ya stesheni zetu na masoko yetu.

Mwenzetu mwenye fimbo amesema atakuwa wa kwanza kukaa kuhesabu. Nani atakaa pamoja naye?

Umoja ni nguvu.

MHARIRI