Mgonjwa anayeuliza si mkorofi

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2007, Watanzania walipigwa na butwaa kwa habari zilizotoka katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam. Wagonjwa wawili waliokuwa na jina linalofanana walibadilishwa wakati wa upasuaji. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa pili alifariki dunia baadaye.

Zaidi ya miaka 10 ikapita, na Februari 2018 kosa linalofanana na hilo likatokea katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, jijini Nairobi. Mgonjwa aliyekuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji alifunguliwa fuvu la kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Madaktari walikuwa wameshafanya kazi kwa saa kadhaa walipobaini kuwa damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwapo. Ilielezwa kuwa vitambulisho vya wagonjwa hao vilikuwa vimebadilishwa.

Katika matukio yote mawili, mjadala ulijikita katika kutafuta nani aadhibiwe. Hilo lilikuwa na haki yake, kwani aliyekabidhiwa uhai wa mtu hana budi kuwajibika. Hata hivyo, lipo swali ambalo halikupewa uzito unaostahili: katika safari ya kutoka kitandani hadi chumba cha upasuaji, mgonjwa na ndugu zake walipewa nafasi gani ya kusema yeye ni nani na anakwenda kufanyiwa nini?

Swali la kwanza

Jibu la kitaalamu lipo, na Tanzania ilichangia kulipata. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliendesha utafiti katika hospitali za miji minane duniani. Mmoja kati ya miji hiyo ni Ifakara, mkoani Morogoro, ulioorodheshwa pamoja na London, Toronto, New Delhi na mingine.

Kilichojaribiwa hakikuwa mashine ya gharama kubwa. Ilikuwa karatasi yenye mambo 19 ya kuhakikiwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 ya wagonjwa, na madhara makubwa yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi hiyo haianzi na daktari wala muuguzi, inaanza na mgonjwa. Kabla ya kupewa dawa ya usingizi, yeye mwenyewe anatakiwa kuthibitisha jina lake, sehemu ya mwili itakayopasuliwa, aina ya upasuaji na kwamba ameridhia. Kwa maneno mengine, wataalamu wenyewe walikwisha kukubali kuwa mgonjwa ni mlinzi wa usalama wake.

Utamaduni wa kunyamaza

Tatizo ni kwamba mlinzi huyo hajazoeshwa kuzungumza. Katika hospitali nyingi za mijini, mgonjwa hupanga foleni tangu alfajiri, na zamu yake ikifika hukaa na daktari kwa dakika chache. Daktari anauliza, anaandika, anamkabidhi karatasi ya vipimo au cheti cha dawa, kisha anaitwa anayefuata. Maelezo ndani ya faili huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mwandiko ambao hata anayeijua lugha hiyo hupata taabu kuusoma.

Mgonjwa hutoka bila kujua jina la ugonjwa wake. Akiulizwa nyumbani, husema, “Nimepewa dawa.” Ni dawa gani, ya nini, na nini kifanyike isipomfaa, hajui.

Ukimya huu una mizizi yake. Daktari huheshimiwa kama mzazi, na kumhoji mkubwa huonekana ni utovu wa adabu. Aidha, wapo wanaohofia kuwa wakiuliza sana wataitwa wakorofi na kuhudumiwa mwisho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haimhusu anayeficha ugonjwa peke yake. Inamgusa pia anayeficha kutokuelewa kwake.

Kwa upande wa Kenya, sheria imekwisha kuuvunja ukimya huo, angalau kwenye maandishi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma kumweleza mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Inataka pia maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo, mgonjwa anayesema “sijaelewa, naomba unieleze tena” haombi fadhila.

Maswali ya kila siku

Si lazima mtu afike chumba cha upasuaji ndipo aanze kuuliza. Mfano mzuri ni homa. Kwa miaka mingi, kila aliyechemka mwili alipewa dawa za malaria, iwe ana malaria au hana. Tangu mwaka 2010, WHO inaelekeza kwamba anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa tone la damu ndani ya dakika chache.

Swali la “nimepimwa?” linaweza kumwokoa mtu mwenye homa ya mapafu au homa ya matumbo asimeze dawa ya mseto huku ugonjwa wake halisi ukiendelea. Na iwapo malaria imethibitishwa, swali linalofuata ni jinsi ya kumaliza dozi: mseto huo wa ALu hunywewa mara sita kwa siku tatu, hata kama homa imeondoka siku ya pili.

Kwa anayeambiwa anahitaji upasuaji, yapo maswali manne ya msingi. Tatizo langu ni nini? Ipo njia nyingine? Kuna hatari gani nikifanyiwa, na ipi nisipofanyiwa? Gharama yote ni kiasi gani? Ikiwa hali si ya dharura, kutafuta maoni ya daktari bingwa mwingine si kumtukana wa kwanza. Kwa mgonjwa asiyejitambua au aliyezidiwa na maumivu, maswali hayo ni ya ndugu anayemuuguza, ambaye kazi yake haiishii kuleta uji na kufua mashuka.

Kuchagua bila taarifa

Hata hivyo, mgonjwa mwenye sauti bila taarifa naye yumo hatarini. Mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka ndani na nje ya Tanzania walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Wapo waliotoka wodini kwenda huko, na wapo waliofariki dunia wakiwa kwenye foleni. Watu hao hawakukosa ujasiri wa kuchagua. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao na kuwaeleza kwa lugha nyepesi ugonjwa wao, dawa walizokuwa wakitumia na nini kingetokea wakiziacha.

Hapo ndipo wajibu unaporudi hospitalini. Daktari mwenye foleni ndefu hawezi kutoa somo kwa kila anayeingia, na ni kweli kwamba wengi wanafanya kazi katika mazingira magumu. Lakini kumtaka mgonjwa ataje jina lake na sehemu inayokwenda kupasuliwa hakuchukui dakika moja. Kumwandikia jina la ugonjwa na la dawa kwa herufi zinazosomeka hakuhitaji bajeti mpya ya Serikali.

Ni kosa kuwatwisha wagonjwa wa Muhimbili na Kenyatta lawama ya yaliyowapata, kwani makosa hayakuwa yao. Funzo ni kwamba vyeo, mashine na vitambulisho vyote vinaweza kukosea kwa siku moja. Siku hiyo, kinga iliyobaki inaweza kuwa ni mgonjwa, au ndugu aliyesimama kando ya machela, anayethubutu kusema: “Samahani daktari, mimi ninaumwa goti.” Kinachotakiwa ni mtu huyo aijue haki yake ya kusema hivyo, na mwenye kisu akubali kusimama na kumsikiliza.