Baada ya Filamu, Wazee Wazungumze

Katika vituo vya afya vya Mwanza, mzee hupishwa kwenye foleni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msingi wa heshima hiyo. Hupimwa presha na sukari, huandikiwa dawa, hurejea nyumbani. Kisichoulizwa ni lini mara ya mwisho alizungumza na mtu jambo lisilohusu maradhi.

Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kila mwaka. Wapo wanaoamini kwamba hayo ni ya Ulaya, kwa kuwa mzee wa Kiafrika huishi na wajukuu. Hoja hiyo ni dhaifu. Asiyesikia vizuri huwa peke yake hata akiketi katikati ya sebule iliyojaa watu. Na Usukumani kutengwa kumekuwa na sura ya kutisha zaidi: wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, huku macho mekundu, ambayo aghalabu husababishwa na moshi wa jikoni, yakihesabiwa kuwa ushahidi.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watu 2,148 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kwa miaka kumi. Waliokwenda sinema, thieta au makumbusho angalau mara moja kwa mwezi walikuwa na hatari ya kupata sonona iliyo pungufu kwa asilimia 48. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa sinema ndiyo iliyowakinga. Huenda mwenye nguvu na fedha ndiye atokaye nyumbani. Lakini kujaribu hakugharimu mengi: chumba chenye kivuli, projekta, spika nzuri na viti vyenye egemeo, mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki.

Filamu zipo. *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inahusu mgonjwa aliye kati ya hospitali na mganga wa jadi. Baadhi ya wahudumu watasita kuionyesha, wakihofia kumpigia debe mganga. Ionyeshwe hasa kwa sababu hiyo. Mzee anayemficha daktari mitishamba anayokunywa anaweza kumjadili Mariamu bila kujishtaki, na daktari akasikia asichoambiwa chumbani.

Ipo pia *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza kwenyewe. Iliudhi wengi, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Nani anastahili zaidi kuipima kuliko wale waliovua furu kabla sangara hajatawala ziwa? Katika mjadala huo mzee si mgonjwa, ni shahidi. Vijana wachache wa mtaani wakaribishwe kusikiliza, ili bibi wanayempita kila siku wamjue kwa habari zake, si kwa macho yake.

Hatari kubwa iko kwa mhudumu mwenyewe. Wazee hawa wanayakumbuka magari ya sinema ya serikali yaliyozunguka vijijini: watu waliketishwa uwanjani, wakafundishwa. Mhudumu atakayesimama mwishoni mwa filamu na kuanza somo la chumvi atakuwa ameliua darasa. Aulize swali moja, kisha anyamaze, hata ukimya ukirefuka.

Maandishi ya tafsiri chini ya picha hayawafai wenye mtoto wa jicho wala wasiosoma. Atafutwe msimulizi wa Kiswahili au Kisukuma, kama ilivyozoeleka kwenye vibanda umiza. Filamu isimamishwe katikati, maana wengi wanatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo. Na yote yaishe mapema alasiri: anayerudi Kisesa anahitaji kupata daladala kabla ya giza.