Trapeza si Mstatili

Watu wengi hudhani ya kuwa kila shamba lenye pande nne hupimwa kama mstatili. Kosa hilo huleta dhuluma. Katika mstatili, kila upande ni sambamba na ule unaoukabili. Katika trapeza, pande mbili tu ndizo sambamba, nazo hazilingani kwa urefu.

Basi, shamba la trapeza likiwa na pande sambamba za hatua 60 na hatua 40, na upana wa hatua 30, azidishaye 60 kwa 30 hupata hatua za mraba 1,800. Lakini nusu ya 60 na 40 ni 50. Mara 30 ni 1,500. Mnunuzi amelipia 300 zisizokuwapo. Yafaa mpimaji atazame pande kwanza, ndipo afanye hesabu.