FISI, KINYAGO NA MKOKOTENI: FILAMU TUNAZOZIPUUZA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 4

Mwaka huu kalamu yangu imekataa kuandika juu ya dawa za kulevya na umuhimu wa nidhamu. Si kwamba hayo hayana maana, la hasha! Wenzangu wameyashughulikia katika kurasa nyingine, tena kwa ufundi. Mimi nataka tuzungumze kuhusu kitu kinachotukusanya katika ukumbi wa maakuli kila Jumamosi ya burudani, viti vikigombaniwa na harufu ya githeri ikiwa bado hewani. Nasema filamu.

Swali langu ni moja tu. Mbona tunatazama filamu za aina moja mwaka nenda mwaka rudi? Jamaa mmoja mwenye misuli anaingia peke yake katika kambi ya maadui. Anamiminiwa risasi mia, hata moja haimpati. Yeye akifyatua moja, wanaanguka watatu. Tunapiga makofi, tunaenda kulala, na ikifika Jumatatu hakuna anayekumbuka hata jina lake. Sisemi filamu hizo zipigwe marufuku. Hata mimi hushangilia, tena kwa sauti. Lakini mtu anayekula ugali na sukuma wiki siku zote hawezi kujigamba eti anajua mapishi ya dunia. Ziko filamu nyingine, na nyingi zimetengenezwa papa hapa barani Afrika, ambazo tumeziacha zikikaa gizani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya sinema. Mwenye filamu huhangaika kutafuta pesa, na kwa sababu hiyo huamua mwenyewe atakachosema. Filamu ya majaribio nayo ni ile inayokataa njia iliyozoeleka ya kusimulia, ile ya shujaa kuteseka, kushinda kisha kuoa. Sisi wapenzi wa Kiswahili hatufai kuiogopa. Tulikwisha kubali kwamba shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi. Iweje tukatae filamu isiyo na vina?

Hebu nianze na mzee Ousmane Sembène wa Senegali, aliyezaliwa mwaka wa 1923 na kufariki mwaka wa 2007. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, Ufaransa, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaona kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakujua kusoma. Basi akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu, hali umri wake umekaribia miaka 40. Filamu yake fupi ya mwaka wa 1963, Borom Sarret, ni ya dakika 20 hivi. Inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar kwa siku moja tu. Anabeba watu wasiomlipa. Anabeba maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, na mlangoni baba wa mtoto anazuiwa kwa ajili ya karatasi. Mwishowe askari anamnyang'anya mkokoteni kwa kuwa ameuingiza katika mtaa wa wenye nacho. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Nani kati yetu hajamwona mtu wa namna hii akisukuma mkokoteni wake kuelekea sokoni alfajiri? Tofauti ni kwamba Sembène alisimama, akamtazama kwa dakika 20.

Mwaka wa 1966 mzee huyo akatoa La Noire de..., filamu ya saa moja hivi. Msichana wa Dakar aitwaye Diouana anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Anafurahi, anawapa waajiri wake kinyago kama zawadi. Wanampeleka Antibes, Ufaransa, na huko anageuzwa mpishi, mfuaji na mfagiaji. Ufaransa aliyoiota inakuwa jikoni, bafu na chumba cha kulala. Mama yake anapomwandikia barua, mwajiri ndiye anayeisoma, na mwajiri huyo huyo ndiye anayeanza kuandika jibu! Kinywani Diouana hasemi mengi, lakini sisi watazamaji tunayasikia mawazo yake yote. Mwisho wake ni wa kuhuzunisha mno, nami sitaueleza.

Wasomaji wangu, filamu hii ni ya tangu mwaka wa 1966, lakini niliona kana kwamba inasimulia habari za mtaani kwetu. Shangazi yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Alipokea mshahara miezi michache, kisha mwajiri wake akawa haulipi na pasipoti akawa ameificha. Aliporudi, watu walimuuliza, "Umetuletea nini?" Hakuna aliyemuuliza, "Ulikuwaje?" Naye hakusimulia. Nilipomtazama Diouana akisugua sakafu ile huku akijiuliza ndani kwa ndani amekuja kufanya nini, ndipo nilipokaribia kuelewa kimya cha shangazi. Yule jamaa wa misuli, pamoja na risasi zake zote, hajawahi kunielewesha kitu cha namna hiyo. Na humu shuleni si mimi peke yangu mwenye shangazi, dada au mama aliyekwenda huko.

Upande wa pili wa sarafu uko katika Touki Bouki, yaani Safari ya Fisi, ya mwaka wa 1973. Mtengenezaji wake ni Djibril Diop Mambéty, Msenegali ambaye hakuwahi kusomea sinema popote. Vijana wawili, Mory mchungaji na Anta mwanafunzi, wamechoshwa na Dakar na wanataka kwenda Paris kwa njia yoyote, hata kwa wizi. Mory huendesha pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe lenye pembe. Wimbo mmoja wa kuisifu Paris unarudiwarudiwa hadi unageuka kejeli. Hadithi hainyooki: picha za ng'ombe wanaopelekwa machinjioni zinaingia ghafla katikati ya safari ya vijana hawa, bila maelezo. Ukitazama kwa mara ya kwanza utasema, "Hii nayo ni nini?" Lakini tulia. Mwalimu wetu wa fasihi angeuliza: ng'ombe wale ni jazanda ya nani? Honi ya meli inapolia bandarini, Mory anasikia nini hasa? Wengi wetu tunaota Ughaibuni tukimaliza Kidato cha 4. Filamu hii haituambii tusiende. Inatuuliza tunakimbia nini, na tutabeba nini.

Mwaka wa 2018 wanamuziki Beyoncé na Jay-Z walipotangaza ziara yao, walipigwa picha juu ya pikipiki yenye pembe za ng'ombe kama ile ya Mory. Vijana wa dunia nzima waliipenda picha ile. Ni wangapi walijua imetoka Dakar? Ama kweli, mgeni ndiye anayekuonyesha mali iliyo uvunguni mwako! Mambéty mwenyewe alikaa karibu miaka 20 ndipo akatoa filamu yake ndefu ya pili, Hyènes, mwaka wa 1992. Alifariki mwaka wa 1998, na filamu yake ya mwisho, La Petite Vendeuse de Soleil, ikatoka mwaka wa 1999 akiwa kaburini. Hiyo ni ya dakika 45, kuhusu msichana anayetembea kwa magongo na kuamua kuuza magazeti mjini kama wavulana. Nawaapia, hakuna atakayesinzia.

Mtasema, "Hizo ni za Senegali. Na sisi je?" Naam, tunazo. Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, ilitoka mwaka wa 2009 nayo ni ya dakika 20 na ushei. Inatuonyesha dunia ya baadaye isiyo na maji, ambapo watu husafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Msichana aitwaye Asha anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, anatoroka kwenda kutafuta mahali pa kuipanda. Maneno ni machache sana, picha ndizo zinazosema. Anayetoka sehemu zetu za ukame haitaji kufafanuliwa. Na kwa wanaotaka Kiswahili chenyewe, Amil Shivji wa Tanzania alitoa Vuta N'Kuvute mwaka wa 2021, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Soma riwaya, tazama filamu, kisha njoo tubishane kipi kimempita mwenzake.

Sasa nijibu mashaka yenu. Wa kwanza ananiambia filamu hizi zinachosha. Zinakwenda polepole, nakubali. Lakini hata insha nzuri haisomwi mbiombio. Wa pili anasema hatujui Kifaransa wala Kiwolofu. Jamani! Si sisi tunaofurahia filamu za Kichina na za Kihindi zikisimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili cha mtaani? Kama yeye ameweza, mwanachama wetu mmoja anaweza kusimama kando ya runinga na kutusomea maandishi ya Borom Sarret kwa Kiswahili sanifu. Hilo ni zoezi bora la tafsiri. Wa tatu, huenda ni mwalimu, anasema baadhi ya filamu hizi si za watoto. Hapo ana haki. Touki Bouki ina ng'ombe wanaochinjwa waziwazi na mambo ya watu wazima. La Noire de... nayo ina kifo kizito. Ndiyo maana nasema mwalimu mlezi azitazame kwanza, hizo mbili ziwe za Kidato cha 3 na cha 4, wadogo zetu waanze na Pumzi na yule muuza magazeti. Wa nne anasema hazimo katika silabasi. Basi naye aniambie jazanda, kinaya na mbinu rejeshi zimo katika silabasi gani kama si yetu ya Karatasi ya 3.

Kuna jambo moja zaidi. Siku hizi tamasha la kitaifa la maigizo hushindanisha na filamu pia. Tukitaka kushiriki tutaiga nini? Magari ya kulipuka hatuna. Lakini mwaka wa 1962 Mfaransa Chris Marker alitengeneza La Jetée, filamu ya dakika 28 ambayo karibu yote ni picha tuli zilizopangwa zikifuatana, na sauti ya msimulizi juu yake. Picha moja tu husogea: mwanamke anafumbua macho. Kamera ya shule ipo. Wasimulizi hodari tunao. Kilichobaki ni hadithi, na hadithi hatujakosa.

Pendekezo langu ni dogo. Jumamosi moja tu kila muhula ikabidhiwe Chama cha Kiswahili. Ionyeshwe filamu moja, fupi, kisha tukae nusu saa tuijadili kwa Kiswahili, mwalimu akisikiliza tu. Jumamosi zilizobaki kiranja wa burudani aendelee na jamaa wake wa misuli. Kama baada ya muhula mzima hakuna hata mmoja aliyeguswa, nitakuja mwenyewe kumpangia viti. Lakini naamini ataguswa mmoja, labda yule anayeketi nyuma kabisa ukumbini, ambaye kwao kuna mtu aliyerudi kutoka mbali na hajasema neno.