Nchelenge: Kufuli la kumzuia mwizi lawa hatari moto unapozuka usiku

Katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, miezi ya Septemba na Oktoba ni ya joto kali na ukavu. Nyasi za mapaa hukauka, wakulima huchoma mashamba wakisubiri mvua, na cheche moja ikichukuliwa na upepo yaweza kutua juu ya nyumba. Mvua zinapoanza mwezi Novemba hatari haiondoki, ila huhamia ndani pamoja na jiko la mkaa.

Suala hili lina uzito wa pekee Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Maelekezo ya kujikinga na moto yanayosambazwa duniani hudhani kwamba nyumba ina king'ora cha moshi na maji ya bomba. Nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi au turubai haina vitu hivyo, na mara nyingi ina mlango mmoja tu.

Mlango huo hufungwa kwa kufuli usiku, na dirisha, kama lipo, hupigiliwa misumari. Ni vigumu kumlaumu anayefanya hivyo. Aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu mara moja hulinda kwa bidii kile kidogo alichokipata tena. Hata hivyo, historia ya Afrika Mashariki ina onyo zito. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Kwa hiyo, jambo la kwanza kwa kila kaya ni kuwa na njia ya pili: dirisha linalofunguka kwa ndani bila ufunguo na linalotosha mtu mzima kupenya. Komeo la ndani humzuia mwizi sawasawa na kufuli, na halimlazimishi mtu kupapasa ufunguo gizani.

Muda ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Moshi huua watu wengi kuliko miali yenyewe, na kwa kuwa hupanda juu, hewa ya kupumulia hubaki karibu na sakafu. Ndiyo maana hutambaa aliye na busara. Paa la nyasi lina tabia yake: huwaka kutokea juu na kudondosha makaa, na turubai huyeyuka na kutonesha plastiki ya moto. Kujaribu kulizima kutokea ndani ni kujiua. Watoto wadogo nao hujificha chini ya kitanda badala ya kukimbia, hivyo ni lazima ijulikane mapema nani atambeba yupi, nani atamshika bibi mkono, na wote watakutana chini ya mti gani ili wahesabiwe.

Kwa mkimbizi kuna kishawishi kingine cha kurudi ndani, nacho ni karatasi. Cheti cha ukimbizi na kadi ya mgao ndivyo vinavyothibitisha kwamba mtu yupo, na huenda mtu akahatarisha maisha kuvifuata. Vikiwekwa katika mfuko mmoja karibu na mlango, hutoka pamoja na mwenyewe. Vikiachwa, viachwe, cheti huweza kuandikwa upya.

Mvuvi anayelaza dumu la petroli ya injini chumbani kwa kuhofia wizi amejiwekea hatari ileile ya kufuli, tena kubwa zaidi. Petroli hutoa mvuke unaotambaa sakafuni hadi ufikie kibatari au jiko.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala yai, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa kituo cha afya. Majeraha makubwa, ya usoni au ya mtoto mchanga yapelekwe hospitali ya St. Paul's, Kashikishi, bila kusubiri kupambazuke.