Baiti nane za Kabambare

Mwandishi wa makala ninayoijadili ameieleza MPLS, mbinu ya kupitisha pakiti za mtandao kwa lebo, kwa mifano ya Ulaya. Msomaji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, angeielewa upesi zaidi kwa misafara ya zamani: pembe za ndovu zilitoka hapo, zikapitia Kabambare, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, na mpagazi alihitaji kujua kituo kinachofuata tu. Ruta za katikati nazo ni hivyo hivyo. Zinasoma lebo, zinabadilisha lebo, zinapitisha. Anwani iliyo ndani haziigusi.

Makala inasifu usiri wa mitandao binafsi (VPN) inayojengwa juu ya MPLS, kisha inaruka matengenezo, na kazi iko huko. Tuseme tawi la ofisi la Kasongo limeunganishwa na Kinshasa kwa VPN kama hiyo, kwa mikrowevu hadi Kabambare, kisha kwa setilaiti. Fundi anatuma pingi ndogo, yaani pakiti ya kujaribu njia, na jibu linarudi. Karani anafungua fomu, kioo kinabaki cheupe. Lawama zote zinakwenda kwa setilaiti, iliyo kilomita 36,000 juu na kweli huchelewesha jibu kwa nusu sekunde au zaidi. Lakini kuchelewa si kupotea.

Kinachopoteza pakiti ni lebo: kila moja ina baiti 4, na VPN ya aina hii kwa kawaida hubeba lebo 2. Pakiti ya fomu yenye baiti 1,500 inakuwa 1,508. Kiungo cha mikrowevu cha Kabambare, chenye ukomo wa baiti 1,500, kinaitupa kimyakimya, ilhali pingi ndogo inapita.

Pingi yenye baiti 1,472 za data, iliyokatazwa kugawanywa, ingelifichua tatizo hilo mara moja. Jaribio hilo lifanywe siku ya kufunga ruta: nani anataka kurudi Kabambare kwa pikipiki, msimu wa mvua, kufuata baiti 8?