Mkorogo Hauishii Kwenye Ngozi

Boom likitoka, mabasi ya mwendokasi ya kwenda Gerezani hujaa wanachuo. Wengine wanafuata viatu Mtaa wa Kongo, na wapo wanaorudi Kariakoo na mkorogo wa kung'arisha ngozi au vidonge vya "kuongeza shepu". Mjadala huu ukianza hosteli, huishia kwenye mahubiri: jipende, mabinti wa siku hizi wameharibika, na kadhalika. Mimi naona mahubiri hayo hayajamsaidia mtu. Tunachokosa ni maelezo.

Baadhi ya krimu zinazoingia kwenye mkorogo zina steroidi kali kama klobetasoli. Na kati ya vidonge ambavyo watu humeza ili wanenepe, imo deksamethasoni. Zote mbili zinaiga homoni uliyonayo mwilini sasa hivi: kotisoli.

Kotisoli hutengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Amri hutoka kichwani: haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamuru adrenali. Kotisoli ikitosha kwenye damu, ubongo hupunguza amri. Kazi yake ni kupandisha sukari ya damu wakati wa shida, kuvunja protini ili mwili upate nguvu, na kutuliza uvimbe. Bila hiyo hatuishi.

Sasa deksamethasoni ina nguvu mara 25 hivi kuliko kotisoli. Ukiimeza kila siku njaa inazidi, uzito unapanda, nawe unadhani hipsi zinakuja. Wapi! Mafuta hukimbilia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja na mikono ikinyauka. Umelipia shepu, umeletewa kinyume chake. Juu ya hapo sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, hedhi huvurugika. Kwa mtoto, steroidi za muda mrefu hupunguza hata kasi ya kurefuka. Krimu nayo, ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Lakini jambo ambalo wahubiri wetu hawalisemi ni hili: kuacha ghafla nako ni hatari. Ubongo ukiona steroidi zimejaa, huacha kutoa amri, na adrenali hulala. Ukikata dozi siku moja, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, na inaweza kufika kifo. Kwa hiyo ukimwambia rafiki aliyetumia kwa miezi "tupa leo leo!", unaweza kumuumiza. Mpeleke kwa daktari, apunguziwe taratibu.

Mtasema serikali ipo. Ni kweli. Tangu 2019, iliyokuwa TFDA ikawa TMDA na kubaki na dawa, vipodozi vikaenda TBS. Kidonge kina ofisi yake na krimu ina ofisi yake, ila mwili unaopokea vyote viwili ni mmoja. Wala dawa yenyewe si adui: mwaka 2020 deksamethasoni ilithibitika kupunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliohitaji oksijeni. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, siyo ya kuchagua mezani kama hereni.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Wiki ya kupokea mwaka wa kwanza tunaelezwa habari za mkopo, maktaba na vitambulisho. Iongezwe saa moja ya homoni, na wanafunzi wenzetu wa udaktari pale Upanga waombwe kuja kuifundisha. Pili, tukubaliane na zahanati ya chuo kwamba mwanafunzi akisema "natumia mkorogo", au "nameza vya kunenepa", atapimwa presha na sukari bila kuchekwa wala kusutwa. Akichekwa mara moja, harudi tena. Atakwenda kuuliza kwa yule yule aliyemuuzia.